Mtaka cha uvunguni: mimi, sakafu ya mbao na unyevu niliouleta mwenyewe

Naomba nianze kwa kukiri kosa, maana nikianza na ushauri mtadhani mi ni mjuaji. Mimi ndiye niliyeozesha sakafu yangu. Sio mvua, sio aliyejenga, sio fundi bomba, ni mimi, kwa mikono yangu miwili, na siku ile nilikuwa napiga mluzi kabisa.

Kwa wale ambao nyumba zenu zimekaa juu ya zege moja kwa moja hii habari inaweza kuwa ngeni kidogo, acha niielezee. Sakafu yangu ya chini ni ya mbao na haigusi ardhi. Boriti zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, moja kila sentimita 40 hivi, ncha zake zimeingizwa kwenye matundu ya ukutani, katikati zinabebwa na vikuta vifupi, halafu juu yake ndo zimepigiliwa mbao tunazozikanyaga. Chini ya hapo kuna uwazi, kwangu ni kama sentimita 50, halafu udongo mtupu. Yaani nyumba nzima ina uvungu kama kitanda. Na kwenye kuta za nje, chini kabisa karibu na ardhi, kuna vile vitofali vyenye matundu ambavyo ukipita unaviona kama pambo tu.

Sio pambo bana.

Ilikuwa majira ya baridi, ya kwanza kwangu kwenye hii nyumba, na miguu ilikuwa inaganda. Unawasha hita, kichwa kinapata joto, visigino viko kwenye barafu. Nikachukua kipande cha tishu nikakisogeza kwenye upenyo kati ya skatingi (ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta) na mbao, tishu ikawa inapepea kama bendera. Nikasema ahaa, adui ni upepo, na upepo unaingilia kwenye yale matundu. Jumamosi moja nikatoka na matambara, sponji za godoro la zamani na vipande vya bodi, nikaziba yote, saba, nikapaka na rangi juu ili yafanane na ukuta. Wiki ile ile tishu ikatulia. Nilijisifu mpaka aibu, kila aliyekuja kunitembelea nilimwambia avue viatu akanyage peku aone mambo.

Baridi ikapita, majira yakageuka, ikaja harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa harufu ya shimo, ya udongo uliofungiwa na majani ya mwaka jana, unaisikia ukiingia tu kutoka nje halafu baada ya dakika 5 pua inaizoea unajiambia labda ulikuwa unahisi tu. Nikabadilisha zulia. Nikafua mapazia. Nikamsingizia mbwa, mnyama wa watu hana hatia. Halafu kabati la pembeni ya dirisha likaanza kujifungua mlango lenyewe, kila nikiufunga unarudi, nikaweka kikaratasi kilichokunjwa chini ya mguu mmoja, baada ya mwezi vikawa vikaratasi viwili. Kumbe kabati halina shida yoyote, sakafu ndo ilikuwa inashuka.

Nilivyong'oa ubao wa kwanza karibu na ukuta, misumari haikulia hata. Ilitoka kimya kimya kama inang'olewa kwenye sponji. Nikamulika tochi nikaona boriti imebadilika rangi, kahawia iliyokolea, imepasukapasuka vipande vya mraba mraba kama udongo wa bwawa lililokauka, na juu ya ukuta kuna nyuzi nyembamba nyeusi zimetambaa kama mizizi. Nikachomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti. Ikazama sentimita 4 bila kusukuma. Nilikaa pale chini kwenye vumbi kama nimepewa taarifa ya msiba.

Nikamwita fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Hakuangalia hata ndani kwanza, alizunguka nje, akainama, akagonga ukuta na kidole pale nilipopaka rangi.

"Mwanangu, nani kaziba pua za nyumba?"

Nikamwambia, mzee, nafikiri ni walionitangulia. Akakwangua rangi kwa ukucha, akaangalia, rangi mbichi kabisa ya juzi juzi tu. Hakusema neno. Nilitamani uvungu unimeze.

Tulivyokaa ndo akanieleza kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa mengi. Udongo mtupu chini ya nyumba unatoa mvuke usiku na mchana hata kama ukiushika unaona mkavu. Huo mvuke lazima uende mahali. Upepo unaopita kutoka matundu ya upande mmoja kwenda upande wa pili ndo unaubeba kuutoa nje. Ukiziba, mvuke unabaki humo, na hewa ina kikomo cha maji inayoweza kubeba, na kikomo hicho kinategemea joto lake: hewa ya nyuzi 20 inabeba karibu gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo, ikishuka nyuzi 10 inabeba kama gramu 9 tu. Hizo nyingine zinaangukia wapi? Kwenye kitu chochote chenye baridi. Na sehemu yenye baridi kuliko zote kule chini ni pale ncha ya boriti inapoingia kwenye ukuta wa nje, yaani pale pale ambapo boriti imejibana, haipati hewa, na ndo imebeba mzigo wote. Kwa hiyo upepo ule ule niliokuwa nauchukia ndo uliokuwa unaishikilia sakafu.

Lakini subiri, na baridi ya miguu je? Hapo ndo mzee alinyoosha mambo kwa sentensi moja ambayo imekuwa ramani yangu ya kazi yote: upepo uache upite chini ya sakafu, kazi yako ni kuuzuia usipande juu. Mimi nilikuwa nimeuzuia mahali pa makosa. Basi.

Sasa kuhusu kuoza kwenyewe, kuna mambo watu wanachanganya sana. Mbao haiozi kwa sababu ni ya zamani, mbao inaoza kwa sababu kuna fangasi anaila, na huyo fangasi anahitaji maji. Namba ya kushika kichwani ni 20. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, fangasi hapati pa kuanzia. Ikipita hapo na ikakaa hapo muda mrefu, umemkaribisha. Mbao za ndani ya nyumba yenye joto zinakaa asilimia 10 mpaka 12 hivi, za uvunguni kwenye nyumba yenye afya unaweza kukuta 14, 16, 17, sio mbaya. Kwangu ile boriti ilisoma 31. Nilidhani kifaa kimeharibika.

Halafu kuna fangasi wa kawaida, huyu anakaa pale pale penye maji, ukikausha anaacha kula, ndo niliyekuwa naye mimi, namshukuru Mungu. Na kuna yule mwenye jina baya, Serpula lacrymans, wengi wanaita uozo mkavu, jina la kupotosha kabisa kwa sababu na yeye anahitaji unyevu kama mwenzake. Tofauti ni kwamba huyu anaweza kutambaa juu ya ukuta na kupenya kwenye plasta kutafuta mbao nyingine, anabeba maji kwenye nyuzi zake mwenyewe. Hilo neno la pili la jina lake maana yake anayelia machozi, maana akistawi anatoa matone matone juu ya mwili wake. Ukiona kitu kama pamba nyeupe au ngozi ya kijivu yenye madoa ya njano, vumbi jekundu kama la kutu limetanda kila mahali, na matone, acha ujuaji, ita mtu anayeifahamu hiyo kazi kabla hujang'oa kitu.

Turudi kwangu. Nilinunua mita ya unyevu, zile zenye pini mbili unazichomeka kwenye mbao inakusomea. Inapima jinsi umeme unavyopita kati ya pini, maji mengi umeme unapita kirahisi, kwa hiyo kwenye mbao inaaminika kiasi, ila kwenye plasta na tofali usiiamini sana maana chumvi za ukutani zinaidanganya, inaweza kupiga kelele ukuta ukiwa mkavu. Nikachora ramani ya sakafu kwenye karatasi, kila boriti namba yake, nikapima ncha zote mbili na katikati, nikaandika. Jamani hii ramani ndo kitu cha maana kuliko vyote nilivyofanya. Kwa sababu nilikuwa nimeshajihukumu kwamba shida ni matundu tu, kumbe ramani ikaonyesha kitu kingine: katikati ya chumba namba zilikuwa 19, 21, 20, ukuta wa mashariki 22, 23, ila kona moja ya magharibi zikaruka 28, 31, 29. Kama shida ingekuwa mvuke wa udongo peke yake zisingejilundika kona moja hivo.

Nikasubiri mvua. Ilipokuja nikasimama nje na mwavuli kama mlinzi. Gata juu ya ile kona limelegea, maji yanavuka mgongo wake yanateremka ukutani, na bomba la kuyashusha limepasuka kwenye kiungo linamwaga yote chini ya msingi. Miaka mingapi sijui. Halafu kwenye huo ukuta mtu aliwahi kupanga pevingi (huyu sasa kweli ni aliyenitangulia, nawaapia) akainua ardhi ya nje mpaka imefunika ile DPC, ile karatasi nyeusi inayolazwa kwenye kozi ya tofali kuzuia maji ya ardhini yasipande. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake angalau milimita 150. Ukiifunika, maji yanaipita pembeni yanapanda juu kama hakuna kitu, ni sawa na kufunga geti na kuacha ukuta una pengo.

Na uvunguni kwenyewe, mtaka cha uvunguni sharti ainame, mi sikuinama tu nilitambaa kwa tumbo. Waliojenga walikuwa wametupa taka zao zote humo, vipande vya tofali, makapi ya saruji, mabaki ya mbao, vimerundikwa vimeegemea ukuta mpaka karibu na boriti. Zile taka zinanyonya maji ya udongo zinayapandisha juu kuvuka DPC kwa ndani. Nilitoa ndoo 43. Nilihesabu maana nilikuwa na hasira.

Hapo niseme kidogo kuhusu kuingia huko chini kwa sababu wapo watakaosoma hapa wakaingia kesho. Usiingie peke yako bila mtu anayejua uko humo. Maski nzuri, sio ya kitambaa, maana kuna vumbi, kinyesi cha panya na vijidudu vya ukungu. Glavu, ovaroli, tochi ya kichwani na nyingine mfukoni. Ukiona mabomba ya zamani yamevikwa kitu kama plasta nyeupe inayobomoka usikiguse, inaweza kuwa asbesto, nyuzi zake zinadhuru mapafu. Na misumari, misumari, misumari, kila mahali imechungulia chini kutoka kwenye mbao, mgongo wangu unajua.

Basi kazi ikaanza, na hapa mpangilio ndo kila kitu, ukikosea unarudi mwanzo. Kwanza maji ya nje. Gata, bomba, kushusha ile pevingi na kuweka mfereji wa changarawe kando ya ukuta. Halafu matundu. Nikang'oa matambara yangu moja moja, yalikuwa yamelowa yananuka, ile kazi ya aibu naifanya mchana kweupe na majirani wanaangalia. Nilivyokagua nikakuta hata kabla yangu matundu hayakuwa yanatosha, mengine yalijaa utando wa buibui na udongo. Kipimo nilichofuata ni uwazi wa milimita za mraba 1500 kwa kila mita ya ukuta wa nje, kwa hiyo ukuta wa mita 6 unataka 9000, na unahesabu matundu yenyewe tu sio ukubwa wa tofali, tofali linaonekana kubwa lakini uwazi wake ni mdogo sana. Nikaongeza matatu. Na lazima yawe pande mbili zinazotazamana. Ukiwa na matundu upande mmoja peke yake upepo hauna pa kutokea, unapiga hodi unarudi. Kwangu nyuma kuna chumba kilichoongezwa baadaye chenye sakafu ya zege, kile kilikuwa kimeziba njia kabisa, ikabidi tupitishe mabomba ya plastiki chini ya hiyo zege mpaka nje. Kazi ngumu kuliko zote, siizungumzii, bado nina hasira nayo.

Vile vile kagua vile vikuta vya katikati. Vinatakiwa viwe vimejengwa kwa kuachia nafasi kati ya tofali ili hewa ipenye. Kwangu kimoja kilikuwa kimezibwa na taka, kwa hiyo nusu ya uvungu ilikuwa kona iliyokufa.

Halafu udongo. Nikausawazisha, nikatandika nailoni nzito juu yake, nikapishana kipande na kipande sentimita 30 hivi na kuzifunga kwa tepu, nikaipandisha kidogo ukutani ila chini ya DPC, nikaweka matofali machache isiruke. Hii nailoni watu wanaidharau na mimi nasema ndo kitu rahisi chenye faida kubwa kuliko vyote, kwa sababu inakata mvuke kwenye chanzo. Na kuna sababu nyingine ambayo iliniumiza kichwa siku nyingi. Nilidhani kiangazi ndo wakati wa uvungu kukauka. Kumbe sio lazima. Hewa ya nje ikiwa na joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 70 inabeba gramu kama 16 za maji kwa mita ya ujazo. Inaingia uvunguni ambako kuna nyuzi 16, na hewa ya nyuzi 16 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 na kitu. Kwa hiyo siku za joto la mvuke upepo ule ule unaokuja kukausha unaweza kulowesha! Ndo maana utakuta umande kwenye mabomba ya chini siku ya jua kali. Haimaanishi uzibe matundu kiangazi, jamani msiniletee tena hayo, kwa mwaka mzima upepo unatoa zaidi ya unachoingiza, ila inamaanisha usiuachie upepo kazi yote, punguza mvuke wa udongo na wenyewe uwe na kidogo cha kubeba.

Baada ya hapo, kusubiri. Hakuna anayependa hii sehemu. Mafundi wanakadiria ukuta wa tofali ulioloa unakauka kama milimita 25 kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa sentimita 22 hesabu mwenyewe. Niliacha mbao kadhaa zimeinuliwa, kila Jumapili napima naandika. 31, 29, 29, 27. Wiki mbili mfululizo haikushuka hata kidogo nikataka kulia. Miezi 5 baadaye ile kona ikaanza kusoma 20, 19. Huku kwingine 15, 16.

Boriti zilizooza, tatu, tulizikata mpaka kwenye mbao nzima inayolia ukiigonga, tukaunga vipande vipya kwa kuvilaza ubavuni na kuvibana kwa bolti. Ncha mpya hatukuziingiza tena ukutani, tumezikalisha kwenye hanga za chuma ili ziwe mbali na tofali zilizoloa. Za jirani ambazo zilikuwa nzima tukaziacha. Mzee alikuwa mkali kwenye hili, alisema watu wananyunyizia madawa sakafu nzima wakati dawa ya uozo ni ukavu.

Sasa ndo tunafika kwenye insulesheni, yaani kitu cha kuzuia joto lisitoroke, na angalieni tumefika wapi ndo tunaizungumzia. Alikuja kijana mmoja wa povu la kupulizia, mwenye maneno matamu, anapuliza chini ya mbao linavimba linaziba kila kitu kwa siku moja. Nikamuuliza, na boriti zikianza kuloa tena nitaonaje? Akasema hazitaloa. Nikamuuliza ukija kurekebisha waya unafanyaje? Akasema unakata. Nikamshukuru. Sisemi povu ni baya kila mahali, ila likishagandia boriti huwezi kuikagua, huwezi kupima, na maji yakipita kwenye ncha hayana pa kukaukia. Mtu aliyewahi kuchomeka bisibisi kwenye boriti yake hawezi kukubali kuifunika macho.

Nilichagua pamba ya madini, ile ya nyuzi za mawe au kioo. Uwezo wake wa kupitisha joto (namba ndogo ndo nzuri) ni kama 0.038, bodi ngumu za fomu zinafika 0.022, kwa hiyo kwa unene ule ule bodi ni bora, hilo siwezi kubisha. Ila boriti za zamani hazijanyooka, nafasi moja ni sentimita 38 nyingine 41, bodi ngumu inaacha mianya pembeni na baridi inapita hapo hapo, pamba inajibana yenyewe. Milimita 100 za pamba zinazuia joto kama mara 17 ya ubao wa sakafu wa milimita 20 ukiwa peke yake, nilipiga hesabu mara mbili maana sikuamini.

Namna ya kuiweka: kama unaingilia juu, unang'oa mbao, unatandaza neti juu ya boriti ikining'inia katikati kama machela, unaweka pamba humo, ijae mpaka iguse mbao. Iguse kabisa. Ukiacha uwazi kati ya pamba na mbao upepo unapita hapo juu na pamba inakuwa haina kazi. Kama unaingilia chini kama mimi, unaisukuma juu katikati ya boriti na kuishikilia. Na chini ya pamba nikapigilia kwa stepla ile karatasi inayopumua, inayozuia upepo lakini inapitisha mvuke, kwa sababu pamba tupu upepo ukiipiga kutoka chini unapita ndani yake na kuondoka na joto, ni sawa na kuvaa sweta ya kufuma kwenye pikipiki bila koti.

Hapo kwenye karatasi sikilizeni vizuri maana wengi wanakosea hapa. USIPIGILIE NAILONI CHINI YA PAMBA. Nailoni inakaa juu ya udongo. Mvuke wa ndani ya nyumba, wa pumzi na kuoga na kufua, unashuka kupita kwenye sakafu kuelekea kwenye baridi, ukikutana na nailoni yenye baridi unageuka maji papo hapo na umetengeneza bwawa linalolowesha boriti. Kizuizi cha mvuke kinakaa upande wa joto, yaani juu, na upande wa baridi uache upumue.

Halafu mianya ya juu. Nilipima upenyo kati ya mbao na mbao, milimita 2 tu, unaona si kitu. Chumba kina mbao 25, kila moja mita 4. Zidisha: mita za mraba 0.2. Hilo ni dirisha la sentimita 50 kwa 40 liko wazi baridi nzima katikati ya sebule! Nilijaza kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopakwa gundi, na kwenye skatingi nikapiga sili inayonyumbulika, zile ngumu zinapasuka sakafu ikitanuka. Ukweli nikiwa mkweli, faraja ya miguu imetokana na hii kazi ya mianya kama ilivyotokana na pamba, na ingeweza kufanyika ile Jumamosi ya kwanza badala ya ule ujinga wangu.

Viwili vya haraka. Mabomba ya maji kule chini yavishwe, kwa sababu ukishaweka pamba joto la nyumba halishuki tena uvunguni, uvungu unakuwa baridi zaidi ya zamani na bomba lisilovishwa linaweza kuganda. Na waya za umeme zisizikwe ndani ya pamba, hasa za kubeba mzigo mkubwa, haziwezi kutoa joto lake, na fomu ya polistaireni ikigusana na waya zenye ganda la plastiki ya PVC inaharibu hilo ganda taratibu. Muite fundi umeme kabla hujafunga.

Ule uvungu kuwa baridi zaidi pia ndo sababu ncha za boriti sasa ziko kwenye hatari kuliko zamani, hata kama kila kitu kimefanyika sawa. Kwa hiyo nimetengeneza mfuniko mdogo kwenye sakafu chini ya zulia, skrubu 4 tu, na nimeacha waya mbili za kupimia zimechomekwa kwenye ncha mbili za ile kona iliyokuwa mbovu, napima kila mwezi. Majira ya baridi ya pili yamepita. Miguu iko salama, tishu imetulia, kabati linafunga, mbwa amesamehewa.

Ile kona ya magharibi inasoma 18. Ilishuka mpaka 17 mwezi mmoja, ikarudi 18, sasa miezi 4 iko hapo hapo. Mzee alikuja akainama kwenye mfuniko, akaangalia, akasema "acha." Kwa hiyo nafasi mbili za mwisho pale pembeni ya ukuta hazina pamba, nimeziacha wazi, na kuna kipande cha sakafu karibu na dirisha ambacho ukikikanyaga peku bado ni baridi. Nimeweka kiti hapo.